Shauri la Kumwona Euphrasia

Jenipher alitoka nje, akalivuta geti nyuma yake mpaka komeo likalia, ndipo akaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Getruda alikuwa na ndoo ya karanga kichwani na kuku kwapani, miguu imefungwa kamba. Alikuwa ametoka Butiama asubuhi, na kutoka stendi ya Musoma hadi huku Kamunyonge alikuja kwa miguu. "Nifungulie basi nikae kivulini. Jua la leo si mchezo."

"Hutaingia, mama."

Getruda alidhani hakusikia vizuri. Akaitua ndoo chini.

"Euphrasia yuko ndani?"

"Yuko."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Lakini hutamwona. Si leo tu, hata ukija siku nyingine. Na hivi vitu sitavipokea, unisamehe."

Miaka mitatu Getruda alikuwa akipiga simu isiyopokelewa, au inayopokelewa kwa maneno mawili kisha inakatwa. Alikuwa amejiambia kuwa ni mambo ya simu tu, kwamba akifika mwenyewe, mkwewe ataona aibu. Sasa alikuwa amefika, na mkwewe alikuwa amesimama mbele yake kama askari wa zamu.

"Nimekukosea nini?"

Jenipher alianza neno, akaliacha. Akatazama kuku. "Mimi ndiye mama yake. Nimekataa. Ukitaka sababu, sababu ni hiyo."

Ndani ya ua palisikika ndala za mtoto. Getruda akapaza sauti, "Euphrasia! Bibi yako nimekuja!" Ndala zikasimama, kisha zikakimbia, na mlango wa nyumba ukafungwa kwa kishindo. Bila shaka kuna mtu aliyemvuta mtoto ndani, ndivyo alivyowaza. Akarudi Butiama na kuku wake.

Mtoto huyo hakuwa mgeni mikononi mwake. Burito, baba yake Euphrasia, alikuwa mwana pekee wa Getruda, fundi wa pampu za visima aliyekuwa akiishi Kiabakari na mkewe. Euphrasia alipofika miaka mitatu, Jenipher alikwenda Mwanza kusomea mambo ya dawa, mtoto akabaki kwa bibi yake zaidi ya miaka miwili. Alimbeba mgongoni kwenda shamba na kanisani. Alimfundisha Kizanaki, lugha ya kwao, mpaka mtoto akawa anaota kwa Kizanaki. Jenipher aliporudi kumchukua, yeye aliyekuwa Msukuma wa Bunda na kwa Kizanaki hakujua zaidi ya salamu, alilazimika kumuuliza mwanawe, "Umesema nini?"

Kisha likaja lile la Julai. Euphrasia alikuwa na miaka sita, amekuja likizo. Siku ya tano, Jumamosi, Burito alikuja na pikipiki kumchukua. Waliondoka saa tisa, mtoto amekaa mbele, juu ya tangi, kati ya mikono ya baba yake. Saa kumi na moja kasoro simu iliita. Lori la mchanga lilikuwa limewagonga karibu na Kiabakari. Burito alikufa palepale. Mtoto alikutwa kwenye majani, kiatu kimoja kimepotea, hana hata mchubuko.

Mazishi Getruda aliyakumbuka vipande vipande. Alikumbuka harufu ya vanishi mpya ya jeneza na padri kuchelewa kwa sababu ya matope ya mvua isiyo ya majira. Alikumbuka kumkumbatia mjukuu wake kando ya jeneza wakalia pamoja, mpaka wanawake wakaja kuwaachanisha. Kumbukumbu hiyo aliitunza kuliko zote. Jenipher alihamia Musoma akapata kazi kwenye duka la dawa, na ilipofika Krismasi akapiga simu kusema mtoto hatakuja. Basi, ikawa hivyo.

Shemeji yake Bernado, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyempa wazo la mahakama.

"Shemeji, mtoto ni wa ukoo, siyo wa geti," alisema baada ya kusikia habari za Kamunyonge. "Na siku hizi sheria ipo. Ndugu aliyemlea mtoto anaweza kuomba hakimu ampangie siku za kumwona. Wewe ulimlea. Nani atabisha?"

Kabla ya kufungua shauri, Getruda alikwenda Bunda kwa mama yake Jenipher. Mama Lucy alimpokea kwa mikono miwili, akampikia ugali wa muhogo na samaki, akakaa naye mpaka amalize kula. Kisha akamwambia, "Mwenzangu, usiende huko."

"Kwa nini? Na mjukuu ni wetu sote."

"Kuna maneno yakishasemwa mbele ya hakimu, hayarudi."

"Unanitisha?"

"Sikutishi." Mama Lucy alikuwa akikusanya vyombo, macho yake yamelowa. "Nakuonea huruma. Achana nayo. Acha mtoto akue."

Getruda aliondoka na hasira. Alimwambia Bernado kwamba hata Bunda wanajua wamekosa, ndiyo maana wanaogopa. Wiki iliyofuata shauri likafunguliwa Musoma.

Hakimu aliagiza afisa wa ustawi wa jamii achunguze pande zote mbili. Afisa huyo, kijana mpole aitwaye Edwin, alikuja mpaka Butiama. Alionyeshwa kitanda alichokuwa akilalia Euphrasia, chandarua bado kinaning'inia. Aliuliza habari za chakula, maji, shule iliyo karibu. Alipokuwa amesimama tayari kuondoka, aliuliza, "Bibi, siku ya mazishi ya baba yake, wewe na mtoto mlikuwaje?"

"Nilimkumbatia," Getruda alisema. "Hatukuachana mpaka tukatenganishwa."

Edwin akaliandika hilo, akaaga.

Siku ya kusikilizwa, chumba hakikuwa kama mahakama aliyoitarajia. Kilikuwa chumba kidogo chenye meza moja na viti vya plastiki, na hakimu, mwanamke wa makamo, hakuvaa joho. Bernado aliambiwa asubiri nje. Jenipher alikaa upande wa pili wa meza, mkoba mapajani. Mtoto hakuwapo. Hakimu alimwomba Edwin asome taarifa yake.

Alisoma habari za nyumba ya Butiama, akaisifu. Akasoma habari za nyumba ya Kamunyonge, akaisifu pia. Kisha akageuza ukurasa.

"'Nimezungumza na mtoto mara tatu, mara mbili mama yake hakuwapo. Mara zote mtoto amesema kwamba mama hakumkataza kumwona bibi. Amesema ni yeye mwenyewe aliyemwomba mama asimpeleke.'"

Getruda alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kilimtoka tu, kama mtu aliyekanyaga mahali akakuta hakuna sakafu.

"'Nilipomuuliza sababu,'" Edwin aliendelea, na sauti yake ikashuka, "'alijibu: Bibi anataka nife.'"

Nje mtu alikuwa akiwasha pikipiki, inakataa.

"'Mtoto ameeleza kwamba siku ya mazishi, kando ya jeneza, bibi alimshika mabega akamtikisa, akamwambia maneno kwa Kizanaki. Nayaandika kwa Kiswahili kama alivyoyatafsiri mwenyewe: Kwa nini hukufa wewe? Ulilia mpaka ukamleta. Nirudishie mwanangu, uende wewe.'"

"Uongo!" Getruda alikuwa amesimama bila kujua alisimama saa ngapi. "Mheshimiwa, huo ni uongo! Nilimkumbatia! Huyu ndiye amemfundisha mtoto maneno hayo!"

"Kaa, bibi," hakimu alisema taratibu.

"Nimfundishe Kizanaki, mama?" Jenipher alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Getruda. "Mimi hata kuomba maji siwezi kwa Kizanaki. Wewe ndiye ulimfundisha."

Getruda alikaa.

"Nilikuwa nimesimama pale," Jenipher aliendelea. Alikuwa akimwambia yeye, siyo hakimu. "Niliwaona. Nilijua ni kilio tu, sikujua unasema nini. Mwezi wa kumi na mbili namfungashia nguo aje kwako, akatapika. Nikafikiri ni malaria, nikampima, hana. Nikafunga begi tena, akatapika tena. Ndiyo akaniambia. Akaniuliza, mama, na wewe unataka niende mimi, baba arudi?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa umemzika mwanao wa pekee, huli, hulali. Nikasema afadhali unichukie mimi. Mkwe huchukiwaga tu, hafi kwa hilo."

Hakimu alieleza kwamba sheria inampa nafasi ya kuomba, na hilo hakuna anayemnyang'anya, lakini mahakama hutazama kwanza faida ya mtoto, na mtoto amezungumza. Aliahirisha kwa wiki mbili ili muombaji afikirie kama anaendelea. Getruda aliona midomo ya hakimu ikitembea. Maneno yalimfikia baadaye, akiwa ameshatoka nje, mmoja mmoja.

"Michezo yao hiyo," Bernado alisema alipoambiwa. "Wakitukatalia, tutakata rufaa mpaka Mwanza."

Kesho yake Getruda alimkuta wifi yake Hyasinta akianika muhogo juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Hyasinta alikuwa dada yake Bernado, na siku ya mazishi ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko wote. Getruda aliinama akaanza kumsaidia kutandaza vipande.

"Wifi, siku ile ya Burito, nilimwambia nini mtoto?"

Mikono ya Hyasinta ilisimama.

"Msiba ni msiba, wifi."

"Nilisema?"

"Ulisema."

"Maneno gani?"

Hyasinta aliyasema, kwa Kizanaki, polepole, akitazama muhogo. Yalikuwa yaleyale. Kwa Kiswahili cha Edwin yalikuwa yamesikika kama maneno ya mtu mwingine, mtu katili asiyemjua. Kwa Kizanaki yalikuwa na sauti yake mwenyewe. Getruda alikaa juu ya jiwe, juu ya muhogo.

"Lakini nilimkumbatia. Nakumbuka."

"Ulikuwa umemshika. Tulikuja watatu kukutoa. Vidole vyako vilikuwa vimebana kwenye mabega yake, mimi nilivifungua kimoja kimoja."

"Sikumbuki, wifi. Haki ya Mungu sikumbuki."

"Najua. Ndiyo maana hatukukwambia."

"Hamkuniambia akina nani?"

Hyasinta alifuta mikono kwenye kanga. "Sisi wote. Tuliokuwa pale."

Basi miaka mitatu alikuwa akiwalalamikia watu kisimani na kwenye jumuiya, akimsema Jenipher, naye kila aliyemsikiliza alikuwa akijua. Walikuwa wakiitikia, "Pole, mama Burito," huku wanajua. Hata Bernado aliyempeleka mahakamani alikuwa amesimama upande wa kichwa cha jeneza.

Alikaa pale mpaka jua likaanza kumchoma utosi. Ndipo akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Halafu haikuwa kweli. Mtoto hakumwita baba yake. Alilia siku ya kwanza tu, basi, akazoea. Mimi ndiye nilimpigia Burito simu. Kulikuwa na harusi Murangi, nilitaka kwenda. Nikamwambia, njoo umchukue mwanao, ananililia sana. Nilimsingizia."

Hyasinta alifunika mdomo kwa mkono.

"Alisema atakuja Jumapili," Getruda alisema. "Mimi ndiye nikasema Jumamosi."

Jioni Bernado alipopita na karatasi za rufaa ambazo hakuna aliyemtuma kuzileta, Getruda alimuuliza kama aliyasikia maneno yale siku ya mazishi. Bernado alikohoa. "Maneno ya msiba hayahesabiwi, shemeji."

"Mtoto ameyahesabu miaka mitatu," Getruda alisema. Akaingia ndani.

Wiki mbili zilipotimia alikwenda Musoma peke yake. Mbele ya hakimu alisema anaondoa maombi yake, akaweka dole gumba alipoonyeshwa. Kisha akasema ana ombi moja ambalo si la sheria: mtoto aambiwe kwamba baba yake hakuja kwa sababu ya kilio chake. Akaeleza habari ya simu na harusi. Alieleza bila kujitetea, na alipomaliza hakuthubutu kumtazama Jenipher.

Burito alikuwa mumewe. Jenipher aliinuka, akaenda dirishani, akasimama amewapa mgongo, na Edwin akawa hajui aangalie wapi.

"Sitamwambia mimi," Jenipher alisema hatimaye, bado anatazama nje. "Nitamuuliza kama anataka kukusikia. Akikataa, nimekataa. Mama, umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Ulipita mwezi na siku kadhaa. Kisha Edwin akapiga simu: mtoto amekubali, mara moja, ofisini kwake, mama yake akiwapo.

Getruda alikuwa akimtarajia yule wa miaka sita. Aliyeingia alikuwa msichana mrefu wa miaka tisa, sare ya shule, shingo ya Burito kabisa. Getruda alimsalimu kama alivyokuwa akimsalimu kila asubuhi zamani, na mtoto akarudi nyuma mpaka akagonga mlango.

"Aongee Kiswahili," alimwambia mama yake.

Basi bibi akaongea Kiswahili, akitafuta maneno. Hakusogeza kiti. "Siku tulipomzika baba yako nilikwambia maneno mabaya. Mimi nilikuwa siyakumbuki, lakini niliyasema. Sikuja kukwambia uyasahau. Nimekuja kukwambia yalikuwa ya uongo. Hukumwita baba yako. Mimi ndiye nilimpigia simu aje, nilikuwa nataka kwenda harusini."

Euphrasia alisikiliza ameshika mkanda wa begi.

"Kwa hiyo hakuja kwa sababu nililia."

"Hapana."

"Alikuja kwa sababu yako."

"Ndiyo."

Mtoto alifikiri. Uso wake haukuwa na chuki. Ulikuwa uso wa mtu anayefanya hesabu ambayo jibu lake lilikuwa limekataa muda mrefu.

"Na wewe, kuna mtu alikuambia afadhali ungekufa wewe?"

Edwin aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Jenipher alisema, "Euphrasia!" lakini kwa sauti ndogo.

Getruda alifungua mdomo. Alikumbuka wanawake waliomnywesha uji kwa kijiko, waliomlaza, waliolala naye mkekani siku arobaini wakimpepea. Alikumbuka wote walioficha ili asiumie.

"Hakuna," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

"Mimi tu," Euphrasia alisema.

"Wewe tu."

"Haya." Akavaa begi vizuri mabegani. "Mama, twende."

Wakatoka. Getruda alibaki kwenye kiti, mikono imekaa mapajani kama ya mtu mwingine. Edwin alimletea maji, akayanywa yote, akaomba mengine. Baada ya kitambo Jenipher alirudi peke yake mlangoni. Alisema Butiama mtoto hataenda, si mwaka huu, na asiulizwe. Lakini namba ya bibi ameiandika kwenye daftari. Akitaka kupiga, atapewa simu. Asipotaka, hatasukumwa.

"Na mimi nimeshasikia ya harusi," Jenipher aliongeza. "Sijui bado nitafanya nayo nini. Niache kwanza."

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Mwezi wa nne hakuna aliyepiga, wala wa tano. Jumapili moja ya mwezi wa sita, Getruda akiwa na Hyasinta na Bernado wamekaa nje baada ya misa, namba ya Jenipher iliita. Aliipokea kwa mikono miwili. Sauti ya mtoto ilisema shikamoo, ikasema amekuwa wa saba darasani, ikasema sasa anakwenda kufua soksi. Simu ikakatika. Haikufika dakika moja.

"Amesema anakuja lini?" Bernado aliuliza.

"Sijamuuliza," Getruda alisema.